Nahodha aliyependa mwendo na nyota isiyo na jina

Mwezi uliopita nilikwenda Makueni kumpa pole rafiki yangu wa miaka mingi aliyefiwa na mamake. Sisi watu wa Pwani tumezoea kuipita Makueni usiku tukiwa tumelala. Basi lasimama Mtito Andei, twanywa chai, kisha Kibwezi, Makindu, Emali, na Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultan wa Unguja wakati reli ikijengwa. Tukizinduka tumefika Nairobi. Safari hii nilishuka Emali, nikachukua matatu hadi Wote, nikakaa siku mbili.

Siku ya pili, watu walipopungua nyumbani, rafiki yangu alitoa kopo kuukuu la majani ya chai. Lilikuwa la babake marehemu, yaani babu yake yeye kwa mama. Ndani mlikuwa na karatasi zilizokunjwa hadi zikakatika, kifungo cha koti la jeshi, na nyota ya shaba yenye ncha sita ikining'inia kwenye utepe uliofifia. Ilikuwa Nyota ya Burma, nishani waliyopewa waliopigana na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia. Mzee alikuwa Keya. Nikaigeuza nyota nyuma nitafute jina lake. Palikuwa patupu. Nyota zile Waingereza walizitoa kwa wingi bila kuzichonga majina, kila mwenye yake aijue mwenyewe.

Kijana mmoja wa pale akaniuliza mkubwa wa vita vile alikuwa nani. Nikamwambia ni Mountbatten. Akasema yule mjomba wa mume wa Malkia, aliyemwona kwenye tamthilia ya televisheni. Nikasema ndiye. Lakini njiani nikirudi Mombasa nilihisi jibu langu lilikuwa fupi mno. Mtu yule aliongoza babu za watu wa Kitui na Makueni, maisha yake yaligusa na nyumba nyingi hapa kwetu, na sisi twamjua kwa tamthilia tu. Basi leo nitamweleza, msomaji wangu, kwa wema wake na kwa makosa yake.

Alizaliwa tarehe 25 Juni 1900 huko Windsor, Uingereza, akiwa kitukuu cha Malkia Victoria. Nyumbani waliziita jina la Dickie. Babake, Louis wa Battenberg, alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme wa Kijerumani aliyeingia jeshi la majini la Uingereza akiwa kijana mdogo, akapanda hadi kuwa mkuu wa jeshi hilo lote. Mwaka 1914 vita vilipozuka baina ya Uingereza na Ujerumani, watu walianza kunong'ona kwamba Mjerumani hawezi kuachiwa manowari za Mwingereza. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mzee yule akalazimika kujiuzulu. Miaka mitatu baadaye ukoo ukageuza jina, Battenberg ikawa Mountbatten.

Dickie wakati ule alikuwa na miaka 14, mwanafunzi katika chuo cha wanamaji. Waliomjua wote wasema jambo hili lilimkaa moyoni. Alijiwekea nadhiri kwamba siku moja atakalia kiti kilekile alichonyang'anywa babake. Ukitaka kumwelewa mtu huyu, shika hapo. Maisha yake yote alikuwa akikimbia kukifikia kile kiti, na mtu anayekimbia haangalii sana anachokikanyaga.

Alipanda manowari akiwa kijana wa miaka 16, akauona mwisho wa vita vya kwanza. Mwaka 1922 alimuoa Edwina Ashley, binti tajiri sana aliyerithi mali ya babu yake. Wengi walidhani kijana mwenye mke tajiri na jamaa katika jumba la mfalme atakuwa mtu wa dansi na karamu tu. Karamu kweli hakuziacha, lakini kazini alikuwa mchapa kazi. Alisomea mawasiliano ya redio, akawa fundi na mwalimu wake, na mabaharia waliofundishwa naye walimsifu kwa kueleza jambo gumu likawa jepesi.

Mwaka 1934 alipewa manowari yake ya kwanza, Daring. Ilikuwa ya aina ambayo Waingereza huiita destroya. Hizi si zile manowari kubwa zenye mizinga mizito. Ni nyembamba, nyepesi, zenye mbio sana, na kazi yake ni kulinda misafara ya meli, kuwinda nyambizi na kurusha topido kisha kukimbia. Ubavu wake ni bati jembamba. Ngao yake ni mwendo. Nahodha wa destroya huamua kwa sekunde, na akikosea hapati nafasi ya pili. Kazi ile ilimfaa Mountbatten kama maji yanavyomfaa samaki.

Mwezi wa Agosti 1939, siku chache kabla ya vita kutangazwa, alipewa destroya mpya iliyoitwa Kelly, pamoja na uongozi wa kikosi cha tano cha destroya. Kelly ndiyo iliyompa jina. Na hapa ndipo nataka twende polepole, kwa sababu sifa na ukweli vimefungamana.

Katika miezi ya mwanzo ya vita Kelly ilikaribia kupinduka katika Bahari ya Kaskazini alipoipindisha kwa kasi kubwa kwenye dhoruba. Mwezi wa Desemba 1939 ikagonga bomu lililotegwa majini karibu na mto Tyne alipokwenda kuisaidia meli ya mafuta. Ikatengenezwa. Mwezi wa Machi 1940 ikagongana na manowari nyingine ya Uingereza, Gurkha. Ikatengenezwa tena. Mwezi wa Mei mwaka uleule, usiku, ikiwa katika msako Bahari ya Kaskazini, mashua ya Kijerumani ya topido ikaipiga ubavuni. Watu 27 wakafa.

Hapo ndipo alipoonyesha ujasiri ambao hata wapinzani wake hawaukatai. Meli ilikuwa imepasuka, ubavu mmoja sitaha imelingana na maji, na ndege za Wajerumani zikirudi kila saa. Alikataa kuiacha. Akawashusha mabaharia wengi waende kwenye meli nyingine, akabaki na wachache, wakatupa baharini kila kizito kilichoweza kutupwa ili isizame. Ikavutwa kwa kamba zaidi ya saa 90, karibu siku nne, hadi bandarini ilikojengwa. Mwanzo wa mwaka 1941 akatunukiwa nishani ya DSO, ambayo hupewa maafisa kwa ushujaa na uongozi vitani.

Lakini mwezi wa Novemba 1940, Kelly ikiwa bado gereji, aliongoza kikosi chake akiwa ndani ya destroya Javelin. Akakutana usiku na destroya za Kijerumani kusini mwa Uingereza. Badala ya kuwaendea moja kwa moja, aligeuza upande ili aende sambamba nao. Wajerumani wakafyatua topido, Javelin ikakatwa omo na tezi, ikabaki kipande cha katikati kinaelea. Mabaharia 46 wakafa. Wakubwa wake katika jeshi la majini hawakufurahi, na wapo waliosema wazi kwamba uamuzi ule ulikuwa wa makosa.

Mwezi wa Mei 1941 Kelly ilikuwa Bahari ya Kati, wakati Wajerumani walipokivamia kisiwa cha Krete kutoka angani. Usiku wa kuamkia tarehe 23, Kelly pamoja na Kashmir na Kipling zilikwenda kupiga mizinga uwanja wa ndege wa Maleme uliotekwa na Wajerumani. Asubuhi zikiwa zinarudi, ndege 24 za Stuka zikazishukia. Kashmir ilizama kwa dakika mbili. Kelly ilipigwa na bomu ikiwa kwenye mwendo wake wa mwisho, ikalala upande na kupinduka huku injini zingali zaisukuma. Mountbatten alikaa kwenye nafasi yake hadi meli ikamfunika, akapiga mbizi, akaibukia kwenye mafuta meusi yaliyotanda juu ya maji. Takriban watu 130 wa Kelly hawakuibuka. Waliobaki, wa Kelly na wa Kashmir, waliokotwa na Kipling, watu 279, huku ndege zikiendelea kuishambulia kwa saa kadhaa.

Mwaka 1942 mwigizaji Noël Coward, rafiki yake, alitoa filamu iliyotokana na kisa cha Kelly. Filamu ile iliwatia moyo Waingereza. Nahodha wa meli iliyozama akawa shujaa wa taifa. Simlaumu kwa hilo, kwani watu walio katika dhiki wahitaji hadithi ya mtu asiyekata tamaa. Mabaharia wenyewe walionusurika walimpenda, na kwa miaka mingi waliendelea kukutana naye na kuheshimiana. Alikuwa akiyajua majina yao na habari za nyumbani kwao. Lakini tukiyapanga matukio kwa utaratibu, twaona meli moja na nahodha mmoja, bomu, mgongano, topido, kisha kaburi la maji, yote ndani ya miezi 21. Ushujaa ulikuwepo. Haraka nayo ilikuwepo.

Churchill alimpenda mtu wa aina hiyo. Akampandisha mbio hadi kuwa mkuu wa mashambulizi ya pamoja ya nchi kavu, baharini na angani. Tarehe 19 Agosti 1942 likafanyika shambulio la Dieppe, Ufaransa. Askari wapatao 5,000 kati ya waliokwenda walikuwa Wakanada. Kufikia mchana 907 kati yao walikuwa wamekufa au mbioni kufa, na wengi zaidi wametekwa. Yeye alisema mpaka mwisho wa maisha yake kwamba mafunzo ya Dieppe ndiyo yaliyookoa watu mwaka 1944 majeshi yaliposhuka Normandy. Wakanada wengi hawakukubali, na wengine hawakumsamehe.

Sasa tuje kwetu.

Mwezi wa Oktoba 1943, akiwa na miaka 43, alifanywa Amiri Mkuu wa majeshi ya Washirika katika Asia ya Kusini Mashariki. Zaidi ya watu milioni moja wakawa chini ya amri yake, Waingereza, Wahindi, Wagurkha, Waafrika wa Magharibi na wetu wa Afrika Mashariki. Wetu walikuwa hasa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Na katika Keya wa Kenya, hakuna kabila lililojulikana kwa wingi wa askari kuliko Wakamba.

Hapo pana kisa ambacho Lamu wakijua zaidi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, ikiwachukua na kuwauza kwa bei ya chini. Muindi Mbingu akawaongoza watu wake, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda kwa miguu kutoka Machakos hadi Nairobi wakadai wamwone gavana. Makueni wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Serikali ikamkamata Muindi, ikampeleka uhamishoni Lamu. Lakini ng'ombe ililazimika kuwaachilia, na sababu mojawapo ilikuwa hofu kwamba Wakamba walio jeshini na polisi wangechukia. Mwaka uliofuata vita vikazuka, na serikali ileile ikarudi vijijini Kitui na Machakos, mara hii yataka vijana. Muindi akiwa bado Lamu akitazama bahari, ndugu zake wakipitia Kilindini kwenda kumpigania aliyemfunga.

Kilindini nayo ilikuwa imegeuka. Baada ya Wajapani kuishambulia Colombo mwezi wa Aprili 1942, kundi kubwa la manowari za Uingereza za Mashariki lilihamia Mombasa. Wazee wetu waliokuwa watoto wakati huo walizihesabu kutoka Likoni. Skuli ya Allidina Visram, ambayo wengi wetu twaipita kila siku, ilichukuliwa na wataalamu waliokuwa wakinasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani.

Mwanzo wa Februari 1944 msafara wa meli uling'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo. Meli moja iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwemo wapatao 1,000 wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga topido mbili. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Destroya mbili, Petard na Paladin, zikageuka kuiwinda. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya maji palepale manusura walipokuwa wakiogelea. Manahodha wakakabiliwa na uamuzi ambao simwombei mtu yeyote. Wakiiacha, itazizamisha meli nyingine zilizojaa watu. Wakatupa mabomu ya majini wakijua wenzao wako juu yake. Nyambizi ikazamishwa. Waliokufa siku ile, kwa meli na kwa yaliyofuata, ni 1,297. Ni mojawapo ya misiba mikubwa kabisa ya baharini ya vita vile, na uliondokea hapa nyumbani kwetu. Nimeishi Mombasa miaka yangu yote na sikufundishwa habari hii darasani.

Mountbatten alipofika India alikuta jeshi lililoshindwa na lenye kukata tamaa. Mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeletwa hospitali na jeraha la vita, wapatao 120 waliletwa kwa maradhi, malaria ikiwa mbele. Akazunguka kambi zote, akisimama juu ya sanduku na kuzungumza na askari bila karatasi. Akasisitiza dawa za malaria, madaktari karibu na mstari wa mbele, na ndege za kubebea majeruhi. Katika hili alifanya wema mkubwa, na wazee wengi wa Ukambani walirudi kwao wazima kwa sababu yake na ya jemadari Slim aliyekuwa chini yake.

Kisha akaamua jambo ambalo majeshi hayakuwa yamezoea. Kawaida masika yakianza Burma, vita husimama hadi mvua ziishe. Yeye akasema hakuna kusimama. Wajapani waliposhindwa Imphal katikati ya mwaka 1944, wasipewe nafasi ya kupumua.

Waliopewa kazi ya kuwafuata katika bonde la Kabaw ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Bonde lile lilikuwa na sifa mbaya ya homa kuliko sehemu yoyote ya mpaka ule. Mvua haikatiki, njia ni tope la magotini, magari hayapiti, chakula chatupwa na ndege. Vijana waliokulia Kitui na Makueni, mahali ambapo watu huangalia mawingu mwaka mzima wakiomba tone, wakaishi miezi ndani ya maji. Walitembea, wakabeba, wakapigana kilima hadi kilima kutoka Tamu, na tarehe 2 Desemba 1944 wakaitwaa Kalewa kwenye mto Chindwin. Daraja la chuma la zaidi ya futi 1,100 likajengwa pale, na jeshi zima likavuka kwenda kuikomboa Burma. Lugha waliyoamrishana njia nzima, Mkamba, Mnandi na Mnyasa, ilikuwa Kiswahili. Cha Keya, si cha Mvita, lakini ni mtoto wetu.

Uamuzi wa Mountbatten kupigana kwenye mvua ulikuwa sahihi, na watu wa vita wote wamekiri hivyo. Haraka yake safari hii ilizaa. Lakini miguu iliyoibeba haraka ile haikuwa yake. Tarehe 12 Septemba 1945 yeye alipokea Singapore hati za Wajapani kusalimu amri, amevaa sare nyeupe. Askari wetu walirudi Kilindini kwa meli mwaka uliofuata, wakapewa malipo yaliyopimwa kwa rangi ya ngozi, wakapanda gari moshi kurudi kwao. Wazungu waliotoka vitani walifunguliwa mashamba katika nyanda za juu. Keya alipata nyota ya shaba. Muindi Mbingu naye alirudishwa kutoka Lamu mwaka uleule wa 1946.

Mwezi wa Machi 1947 Mountbatten alipelekwa India awe Makamu wa Mfalme wa mwisho. Serikali ya London ilimpa muda hadi Juni 1948 kukabidhi nchi. Yeye akaurudisha nyuma, akachagua tarehe 15 Agosti 1947, siku ya kutimia miaka miwili tangu Japani kukubali kushindwa. Ilibaki miezi miwili na kidogo kugawa nchi ya watu karibu milioni 400. Mwanasheria aliyechora mpaka, Radcliffe, hakuwa amekanyaga India kabla ya hapo, akapewa majuma matano. Mpaka wenyewe ulitangazwa tarehe 17, siku mbili baada ya uhuru, na watu wa Punjab waliamka wasijue wako nchi gani. Waislamu, Mahindu na Masingasinga wakauana. Makadirio ya waliokufa huanzia laki mbili hadi zaidi ya milioni moja, na waliohama makwao ni takriban milioni 15.

Wapo watetezi wake wasemao kwamba moto ulikuwa umeshawaka, jeshi na polisi wanavunjika, na kungoja kungezidisha maafa. Huenda. Lakini hapa Mombasa ziko nyumba zenye asili ya Punjab na Gujarat ambako hadi leo mwaka 1947 hutajwa kwa sauti ya chini. Kwao uharaka ule haukuwa ufundi wa nahodha. Destroya huokolewa na mwendo kwa sababu wote wamo ndani ya chombo kimoja. Nchi haigeuzwi vile. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na wao hawakuwahi kuona destroya.

Baada ya India alirudi baharini, na mwaka 1955 akakalia kile kiti cha babake. Deni la moyoni likalipwa baada ya miaka 41. Kuanzia 1959 hadi 1965 alikuwa mkuu wa majeshi yote ya Uingereza, hivyo alikuwepo kazini mwezi wa Januari 1964 askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya walipoasi wakidai mishahara na vyeo, na Waingereza wakaombwa kuwazima. Kule Lanet, walioasi walikuwa wa batalioni ya 11, nambari ileile ya Keya wa Kenya waliopita Kabaw. Mpwa wake Philip, ambaye naye alikuwa afisa wa destroya, ndiye aliyekuwa Nairobi usiku bendera yetu ilipopandishwa mwezi mmoja kabla.

Alikufa tarehe 27 Agosti 1979, akiwa na miaka 79. Alikuwa likizoni Mullaghmore, Ireland, akatoka na mashua yake ya uvuvi pamoja na jamaa zake. Wapiganaji wa IRA walikuwa wametega bomu ndani. Pamoja naye walikufa mjukuu wake wa miaka 14, kijana wa Ireland wa miaka 15 aliyesaidia kazi za mashua, na mama mkwe wa binti yake, ajuza wa miaka 83. Damu ya watoto haina utetezi, na tusiitafutie. Siku hiyohiyo askari 18 wa Uingereza waliuawa Warrenpoint. Mazishi yake yalifanyika Westminster Abbey kwa utaratibu alioupanga mwenyewe miaka mingi kabla, hadi nyimbo na mpangilio wa waandamanaji. Nishani zake zilibebwa mbele ya watu kwenye mito ya kitambaa.

Basi huyo ndiye Mountbatten. Alikuwa jasiri, hilo halina shaka. Alijua kuwatia watu moyo, aliwajali walio chini yake kuliko wakubwa wengi wa zama zake, na alijipenda kupita kiasi. Penye bahari na vita, mwendo wake ulimpa jina. Penye mambo ya watu na ardhi, uliwagharimu wengine. Na kila mahali, aliyelipa alikuwa mtu wa chini kwenye meli au wa nyuma kwenye mstari, ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Kabla sijaondoka Wote nilimwomba rafiki yangu kalamu. Kwenye karatasi safi tukaandika jina la mzee, jina la babake, kijiji chake, namba yake ya jeshi tuliyoisoma kwa taabu kwenye zile karatasi, na mwaka aliorudi. Tukaikunja tukaiweka ndani ya kopo pamoja na nyota. Yule kijana aliyeuliza swali akachukua picha kwa simu akawatumia binamu zake Kitui, na kabla ya jioni wawili walikuwa wamejibu kwamba nao wana kopo kama lile.

Nasi Pwani tunayo. Yako kabatini, chini ya godoro, kwenye masanduku ya mbao ya nyanya zetu. Jumapili hii, ukipita kwa wazee, uliza. Chukua na kalamu.